Lloyd Mathews: Baharia aliyemuundia Sultani jeshi, jeshi likamgeukia mwanawe

Siku ukiwa Mkomani na huna haraka, teremka hadi ufukweni, upande ule unaotazama Mji wa Kale. Ng'ambo ya maji utaiona Fort Jesus imekaa juu ya jabali lake, na watalii juu ya kuta wadogo kama sisimizi. Ni karibu kiasi kwamba unadhani ukipiga kelele mlinzi wa getini atageuka. Sasa jaribu kufikiria mtu aliyesimama hapo hapo Januari 1875. Yeye aliona manowari mbili za Uingereza, Rifleman na Nassau, zikiimiminia ngome hiyo mizinga.

Utauliza, waliokuwa ndani ni kina nani? Wareno walikuwa wameshaondoka zamani. Waliokuwa ndani ni askari wa Sultani Barghash wa Unguja, mtawala wa Mombasa wakati huo, watu waliolipwa kwa fedha za hazina yake. Mkubwa wao, Muhammad bin Abdallah, ambaye Mombasa ilimjua kama Al-Akida, aligombana na Sultani, akajifungia ngomeni na watu wake. Sultani akawa hana jeshi la kumtoa. Ikabidi Waingereza waje kumsaidia kupiga ngome yake mwenyewe. Watu wa Mombasa waliitungia vita hiyo utenzi, na hadi leo ukikaa na wazee wa Mji wa Kale wapo watakaokuhadithia.

Sultani anayeazima mizinga ya jirani ili aingie nyumbani kwake hawezi kulala vizuri. Barghash alikuwa ametawala tangu 1870, na alitaka jeshi litakalomsikiliza yeye. Miaka miwili baadaye alimpata mtu wa kumuundia. Kijana wa miaka 27, Luteni wa jeshi la majini la Uingereza, jina lake Lloyd Mathews.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu jeshi alilolikuta, maana bila hilo habari yenyewe haiingii akilini.

Usifikirie jeshi la gwaride unaloliona kwenye TV siku ya Madaraka. Yalikuwa makundi makundi. Kulikuwa na Wabulushi, watu wa asili ya pwani ya Makran, ng'ambo ya bahari ya Omani. Kulikuwa na Washihiri kutoka Hadhramaut. Kulikuwa na Waarabu wa Omani. Kila kundi na lugha yake, na ngome yake ya kulinda, na mkubwa wake aliyeitwa jemadari. Leo tukisema jemadari tunamaanisha kamanda mkubwa wa vita. Zamani hizo alikaribiana zaidi na yule jamaa wa mjengo anayekusanya vijana alfajiri, anapokea pesa kutoka kwa mwenye jengo, kisha Jumamosi anawagawia. Sultani alimlipa jemadari, jemadari akawalipa watu wake. Ukimlipa kwa watu hamsini, kama kweli wapo hamsini anajua yeye.

Silaha kila mtu na yake: huyu ana gobori, yule ana upanga na ngao, mwingine ana jambia tu. Kwata hawakuijua na wala hawakuihitaji. Kwa kukaa ngomeni Lamu, Mombasa au Pangani, kutoza ushuru na kutisha watu, walitosha. Wengi waliishi miaka mingi mahali pamoja, wakaoa, wakafungua maduka, wakawa wenyeji. Mombasa yenyewe ina familia za Kibulushi mpaka sasa ambazo asili yake ni hao askari wa ngomeni. Kama jamii ilikuwa sawa. Kama jeshi, tatizo lilikuwa moja tu: askari alimtii anayempa mshahara mkononi, na huyo hakuwa Sultani.

Hapo ndipo Mathews anapoingia.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1850 huko Funchal, kisiwa cha Madeira, ambacho ni cha Wareno, ingawa baba yake alikuwa Mwingereza wa asili ya Wales. Akiwa na miaka 13 tu alishaingia jeshi la majini. Fikiria kijana wa darasa la saba. Alipigana Afrika Magharibi katika vita vya Waingereza na Waashanti, 1873 hadi 1874, akapandishwa cheo kuwa luteni. Mwaka 1875 akapelekwa Unguja kwenye meli ya London, iliyotia nanga bandarini hapo ikiwa kituo cha mashua zilizofukuza majahazi ya watumwa. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, lakini mkataba ni karatasi na bahari ni pana. Mathews alijipatia sifa katika kazi hiyo ya kukimbizana na majahazi.

Balozi wa Uingereza, John Kirk, ambaye Unguja nzima ilijua kuwa neno lake ni zito, ndiye aliyepanga mambo. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki 500 na risasi zake kama zawadi kwa Sultani, na Agosti 1877 Mathews akaazimwa kutoka melini ili aanzishe jeshi la mtindo wa Ulaya. Zawadi ya bunduki kutoka kwa serikali kubwa si ya kupokea na kusahau, lakini hayo yatakuja baadaye.

Mathews hakuwavunja majemadari. Angewavunja, angewasha moto ambao asingeweza kuuzima. Aliwaacha walipo, akajenga kitu kipya pembeni yao, kikubwa kuliko kundi la jemadari yeyote, chenye amri moja kutoka juu hadi chini. Na watu wa kukijaza aliwatafuta mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametafuta: kwa Waafrika, waliokuwa wengi kisiwani na ambao jeshi la Sultani halikuwa limewahi kuwahesabu kama askari. Kufikia mwisho wa 1877 tayari vijana 300 walikuwa wanapigishwa kwata. Kufikia 1880 walikuwa 1,300. Hatimaye ilihesabiwa askari wa kudumu wapatao 1,000, na wale wa mtindo wa zamani kama 5,000 wakiitwa panapokuwa na haja.

Aliwavika sare: kofia nyekundu, koti fupi jeusi, suruali nyeupe. Maofisa Waarabu walivaa makoti marefu ya samawati iliyokolea yenye tarizi za dhahabu na fedha. Usidharau sare. Mbulushi na Mshihiri ungewatambua kwa kilemba na upanga, mbali. Hawa wapya ukiwaona barabarani hukuweza kujua huyu ni wa kabila gani au mtu wa nani, na nadhani hilo ndilo Mathews alilolitaka.

Ila sasa, walitoka wapi hasa? Hapa vitabu vya Waingereza vya zamani, ambavyo humsifu Mathews kama adui wa utumwa, hupita haraka haraka. Wengine walikuwa watu waliookolewa kwenye majahazi. Wengine walitolewa jela. Na wengine walikuwa watumwa walionunuliwa kutoka kwa mabwana zao ili wawe askari. Mtu aliyewafukuza wauza watumwa baharini alikuwa nchi kavu akilipa mabwana fedha ili apate watu wa kushika bunduki. Unaweza kusema aliwakomboa, na pengine wenyewe waliona ni afadhali kuliko shamba la karafuu. Lakini mtu aliyetolewa shambani na kuingizwa kambini, hana ukoo hapo, hana shamba, hana pa kukimbilia, ni askari mtiifu sana. Hana jemadari wa nyumbani kwao wa kumwambia aweke bunduki chini. Ana amri tu.

Sikusema haya ili kumchafulia jina. Ninasema kwa sababu tunapenda kuuliza jeshi lina watu wangapi na silaha gani, na hatuulizi walifikaje pale.

Jeshi jipya lilianza kazi. Mwaka 1880 lilitumwa bara, likafika Mamboya, katikati ya Tanzania ya leo, likajenga ngome huko, ingawa Barghash alitamani liende mbele zaidi mpaka Unyamwezi. Waingereza hawakutaka, halikwenda. Tazama hilo vizuri: jeshi la Sultani, fedha za Sultani, na mwingine ndiye aliyesema liishie wapi. Juni 1881 Mathews akaacha kabisa jeshi la majini la kwao na kuwa Brigedia Jenerali wa Unguja. Desemba mwaka huo nahodha wa meli ya London, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba na mfanyabiashara wa watumwa aitwaye Hindi bin Hattam. Mathews akamfuata Pemba, wakapigana, Hindi akakamatwa akiwa na jeraha lililomuua.

Mwaka 1882 vita vikasogea kwetu. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, ambaye ukoo wake ndio uliotawala Mombasa kabla ya Busaidi kuuchukua mji mwaka 1837, aliasi na kuishambulia Vanga. Mathews akaja na watu wake wa kofia nyekundu mpaka Mwele, ngome ya msituni nyuma ya Gazi, bara ya Kwale. Mwele ikaanguka, Mbaruk akatoroka, na kama kawaida yake akarudi tena baadaye. Bara hiyo Mbaruk aliijua kama kiganja chake.

Kilele cha jeshi hilo, na pia mahali lilipoonyesha udhaifu wake, ni 1885. Karl Peters alikuwa ameshapita bara akikusanya alama za machifu kwenye mikataba yake, na Wajerumani wakadai nchi. Barghash akamtuma Mathews Kilimanjaro. Akapanda huko na askari wake, machifu wa Wachaga akiwemo Mandara wa Moshi wakakubali bendera nyekundu ya Sultani. Ilionekana kama ushindi. Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zikaja zikatia nanga mbele ya kasri la Barghash na mizinga ikielekezwa mjini, na Waingereza, marafiki wale wale wa zawadi ya bunduki 500, wakamshauri akubali. Alikubali. Mwaka 1886 Wazungu wakakaa wenyewe wakaamua Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi kuingia ndani.

Barghash akafa Machi 1888. Septemba mwaka huo, wakati watu wa Pangani walipowainukia Wajerumani, Sultani mpya Khalifa alimtuma Mathews kwenda kutuliza. Haikuwezekana. Kwa watu wa Pangani, Mathews alikuwa Mzungu kama wale wengine, hata akija na barua ya Sultani na bendera yake. Akaondoka, na heshima ya Sultani upande ule ikaondoka naye. Miaka kumi na moja ya kwata, na swali la watu lilikuwa rahisi: jeshi hili ni la nani?

Jibu lilikuja kwa vipande. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Oktoba 1891 iliundwa serikali mpya, Mathews akawa Waziri wa Kwanza, akishika fedha na utawala, na Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Soma tena hapo: aliajiriwa na Barghash, na sasa mdogo wake Barghash, Sultani Ali, hawezi kumfukuza. Mwaka 1894 Uingereza ikampa cheo, akaitwa Sir Lloyd. Agosti 1895 alikuwa tena Mwele, safari hii pamoja na Admirali Rawson, kumpiga Mbaruk yule yule.

Sasa twende Agosti 25, 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini amefariki ghafla. Kabla Waingereza hawajakaa kuchagua, kijana mmoja ameshaingia kasrini na watu wake na kujitangaza Sultani. Kijana huyo ni Khalid. Khalid mwana wa Barghash.

Alikuwa amejaribu hivyo hivyo mwaka 1893, akatolewa. Mara hii alikataa kutoka. Alikusanya watu wanaokisiwa kufika 2,800, wengi wao raia tu wa mjini, watumishi na watumwa waliopewa bunduki, pamoja na walinzi wa kasri na askari wapatao 700 waliochagua upande wake. Upande wa pili, chini ya Mathews na balozi Basil Cave, walisimama askari wengine 900 wa Unguja, wakiongozwa na ofisa Mwingereza, Raikes, aliyekuwa amerithi uongozi wa jeshi. Nyuma yao, bandarini, manowari tano.

Jeshi ambalo Barghash alilitaka ili asije tena kuazima mizinga ya mgeni kupiga ngome yake, lilikuwa limesimama na mizinga ya wageni likielekeza bunduki kwenye nyumba aliyoijenga, na ndani yuko mtoto wake. Na tusisahau wale 700. Sare moja, kwata moja, wamekatika vipande viwili. Sijui kama asubuhi ile kuna askari aliyekuwa amenunuliwa shambani 1877 na bado yumo kikosini. Kama alikuwepo, ningependa kujua alisimama upande gani.

Agosti 27, saa tatu na dakika mbili asubuhi, meli zikafyatua. Kwa muda wa kama dakika 38 hivi, na wengine huhesabu zaidi kidogo, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Ndiyo vita vifupi kuliko vyote vinavyotajwa na pengine umeviona kwenye video za mambo ya kushangaza huko mitandaoni, vikielezwa kwa kicheko. Watu karibu 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja aliumia. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, Wajerumani wakamvusha Dar es Salaam. Siku ile ile Hamoud bin Mohammed akawekwa kuwa Sultani.

Mathews aliendelea na uwaziri. Aprili 1897 Hamoud alitia saini amri ya kuondoa utumwa, lakini Mathews, yule wa majahazi, alikuwa miongoni mwa waliotaka mambo yaende polepole ili mashamba ya karafuu yasianguke. Fidia walipewa mabwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake.

Alifariki Unguja tarehe 11 Oktoba 1901 kwa malaria, akiwa na miaka 51, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliyamaliza hapa pwani.

Hakufika kuuona mwaka 1902. Tarehe 1 Januari mwaka huo, chini ya miezi mitatu baada ya kuzikwa, Waingereza walifanya kwa Afrika Mashariki nzima kile alichokifanya yeye kisiwani. East Africa Rifles, kikosi kilichoundwa 1895 na kuwekwa hapa Mombasa kutokana na askari wa ile Kampuni ya Uingereza, Wasudani, Waswahili na Wapunjabi, kiliunganishwa na vile vya Uganda na Nyasa. Likawa jeshi moja, King's African Rifles, KAR, ambalo babu zetu wengi walilitumikia mpaka Burma. Askari wa Mombasa wakawa Batalioni ya Tatu. Desemba 1963 batalioni hiyo ikabadilishwa jina, ikawa Kenya Rifles ya Tatu, na bendera ikawa nyingine.

Na Khalid? Waingereza walimkamata mwaka 1916 katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni, St Helena na Ushelisheli. Baadaye walimruhusu kurudi Afrika Mashariki, ila si Unguja. Akaletwa kuishi Mombasa, katika mji ambao ngome yake ndiyo iliyomfanya baba yake atake jeshi jipya. Fort Jesus wakati huo ilikuwa jela. Alifia hapa Mombasa mwaka 1927.